Miti ya Kulisha Ndege wa Msituni: Mwongozo Kamili kwa Wanaoishi Kando ya Vipande vya Msitu

Kipande cha msitu kinaweza kusimama miaka hamsini kikiwa kimeshakufa nusu. Miti mikubwa ipo, kivuli kipo, ukipita barabarani unaona kijani tupu. Ingia ndani uangalie chini: maotea ya miti ileile iliyoko juu hayapo, au yamejazana chini ya mama yao yakigombania mwanga. Miti imebaki, wapanzi wake wameondoka.

Usambara Mashariki, mkoani Tanga, jambo hili limepimwa. Mwaka 2001 watafiti Norbert Cordeiro na Henry Howe walichapisha hesabu ya maotea ya aina 31 za miti ambayo mbegu zake husambazwa na ndege na wanyama. Katika msitu mkubwa na vipande vya hekta 30 kwenda juu, maotea yalikuwa zaidi ya mara tatu ya yale ya vipande vya hekta 9 kushuka chini. Kwa aina 10 za asili ya milima hiyo, tofauti ilifika mara 40. Miti inayotegemea upepo, au ile ambayo mbegu zake hudondoka tu, haikuonyesha tofauti. Miaka miwili baadaye wakarudi na mti mmoja, Leptonychia usambarensis, wakaonyesha kwamba kwenye vipande vidogo ndege wanaoula ni wachache, mbegu nyingi hubaki chini ya mama, na miche inayokua mbali naye ni haba.

Kwa hiyo anayetaka kurudisha msitu aanze na tumbo la ndege. Mwongozo huu umeandikwa kwa mtu au kikundi chenye shamba, chanzo cha maji au ardhi ya kijiji inayopakana na kipande cha msitu. Mifano mingi ni ya Usambara Mashariki. Mwenye kipande chake Taita, Uluguru au Kakamega abadilishe majina ya miti, kazi ni ileile.

Kwanza: tafuta mwezi wa njaa

Watu wengi huanza na kitalu. Wanaotesha miche elfu mbili ya mti unaopatikana kwa urahisi, wanapanda, na miaka sita baadaye miti yote inazaa wiki zilezile ambazo msitu wenyewe umejaa matunda. Ndege hawakuhitaji msaada wiki hizo. Walihitaji mwezi ule ambao kila mti umekauka matunda, na kwa kuwa kipande ni kidogo hawakuwa na bonde jingine la kukimbilia. Mti wa kupanda ni ule unaozaa wakati mingine imenyamaza.

Mwezi huo hautaupata kitabuni, maana hubadilika kutoka mlima hadi mlima. Utaupata hivi. Chagua aina 15 hadi 20 za miti yenye matunda ya nyama, na kwa kila aina mitano au zaidi iliyokomaa. Weka namba kwa rangi kwenye shina, upande unaotazama njia ili usihangaike kuitafuta. Kila mwezi, tarehe zilezile, pita na darubini uandike alama: 0 hakuna tunda bivu, 1 machache, 2 nusu ya matawi, 3 mti umejaa. Matunda mabichi yaandike pembeni, yatakuonya mapema. Kama huna darubini, angalia chini: maganda, kokwa na matunda yaliyodonolewa husema kweli.

Mwisho wa mwaka jumlisha alama za kila mwezi. Utaona mabonde mawili au matatu kwenye jedwali lako, yaani miezi ambayo jumla imeshuka, na hayo ndiyo unayoyapandia. Mwaka mmoja hautoshi kusema kila kitu, kwa sababu miti mingi ya msituni huzaa sana mwaka huu na kupumzika unaofuata, lakini unatosha kuanzia. Wakati unahesabu, waulize wazee waliochunga au kuwinda humo ni mti gani walioukalia kusubiri ndege wakati wa kiangazi. Mwindaji wa zamani anaijua kalenda hii kuliko mtaalamu yeyote.

Pili: jua nani anameza na nani anaharibu

Kaa chini ya mti uliobivisha kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa nne. Andika ndege gani amekuja, amefanya nini na tunda, kisha ameruka kwenda wapi. Kufanya nini ndilo swali kubwa.

Hondohondo, kulukulu, kwenzi, shore na mikesha humeza tunda zima, kisha huicheua mbegu au kuitoa kwenye kinyesi ikiwa salama, baada ya dakika chache hadi saa kadhaa. Hao ni wapanzi. Zuwakulu humeza na kutema kokwa, mara nyingi kwenye tawi analolipenda, naye anasaidia. Ninga, yule njiwa wa kijani, humdanganya mtazamaji: anakula matunda ya mkuyu kwa wingi kuliko wote, lakini firigisi yake husaga mbegu. Kasuku naye huvunja kokwa. Ninga akijaa mtini usihesabu kwamba msitu unapandwa.

Kisha pima tunda kwa rula. Tunda lisilozidi sentimeta moja humezwa na ndege wengi wala matunda. Kati ya moja na mbili ni la shore wakubwa, kwenzi na kulukulu. Likizidi mbili na lina kokwa moja kubwa, umebaki na hondohondo na wachache wenye mdomo mpana, na kama hondohondo wametoweka kwenye kipande chako, mti huo hauna mpanzi. Mkuyu ndio unaovunja kanuni hii, kwa sababu tunda lake ni laini na mbegu ni vumbi. Ndege mdogo hudonoa kipande akaondoka na mbegu mamia.

Kuna njia ya mkato ninayoipenda. Tafuta kiota cha hondohondo mashavu-fedha (Bycanistes brevis). Jike hujifungia ndani ya tundu la mti mkubwa, mlango ukazibwa kwa udongo hadi ubaki ufa mwembamba, na hukaa humo miezi mitatu na zaidi. Dume huja koo limevimba, anasimama mlangoni, anacheua tunda moja, analipitisha ufani kwa ncha ya mdomo, kisha jingine, na jingine. Mbegu hutupwa nje. Nenda chini ya mti huo uchambue takataka: utapata orodha ya vyakula vya hondohondo wa eneo lako, na mara nyingi utakuta na miche imeshaota. Usikae karibu wala usiukwee mti huo. Dume akikuona hatashuka, na familia ndani inabaki na njaa.

Tatu: chagua miti

Unahitaji makundi matatu, na usiache hata moja.

La kwanza ni miti ya haraka: mpesi (Trema orientalis), Macaranga, Harungana madagascariensis, mkarati (Bridelia micrantha). Inakubali jua kali na udongo uliochoka, matunda yake ni madogo, na huzaa mapema kuliko yote. Hii ndiyo inayowaita ndege waje kukalia shamba lako wakiwa na mbegu za msitu tumboni. Maisha yake ni mafupi, na ni vizuri iwe hivyo.

La pili ni mikuyu na jamaa zake, yaani Ficus za asili. Kama ningeruhusiwa kupanda aina moja tu kwenye kipande kidogo, ningepanda hizi. Kila mti wa Ficus una ratiba yake. Huu unabivisha sasa, jirani yake baada ya miezi miwili, kwa hiyo miti kadhaa huziba mashimo ya kalenda. Hii si bahati. Kila aina huchavushwa na nyigu wake mdogo mno, anayeishi siku chache tu, na asingeishi kama miti yote ingetoa maua pamoja. Nyigu hao hupeperushwa mbali sana. Huko jangwa la Namib, wale wa Ficus sycomorus wamethibitika kubeba chavua umbali unaozidi kilomita 100. Ndiyo maana mkuyu uliobaki peke yake katikati ya mashamba ya chai bado unazaa, wakati miti mingine iliyotengwa hivyo inakosa mchavushaji.

La tatu ni miti ya polepole ya msitu wenyewe, ile uliyoiona kwenye jedwali ikizaa katika mabonde ya njaa. Mzambarau mwitu (Syzygium guineense) na Prunus africana, ambao Wakikuyu huuita muiri, ni mifano mizuri palipo asili yake. Prunus uko kwenye Orodha ya Pili ya CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe wa porini, tangu 1995 kwa sababu ya biashara ya magome. Kuupanda hakuna shida, kuuza gome kuna taratibu zake.

Sasa onyo, na hapa nitakuwa mkali. Usipande mti kwa sababu tu ndege wanaupenda. Msizi (Maesopsis eminii) ni mti wa asili wa Kagera, Uganda na magharibi zaidi. Usambara Mashariki uliletwa na watu karne iliyopita, ukapandwa kwenye maeneo yaliyovunwa mbao, na hondohondo wakaupenda. Wakaupanda wenyewe kila penye uwazi hadi ndani ya msitu ambao sasa ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa mwaka 1997. Bukoba panda msizi bila wasiwasi. Amani usiuguse. Vichaka vya kigeni navyo ni hivyo: Clidemia hirta imeenea Usambara kwa njia hiyohiyo, na Lantana camara imeenea karibu kila mahali. Mpera ukiachwa kando ya msitu hugeuka pori. Hata mdalasini, zao ambalo wakulima wa Muheza wanalitegemea, ndege huusambaza. Visiwa vya Shelisheli vina vilima vizima vilivyomezwa nao. Lima mdalasini wako, ila uvune kabla haujazaa na usiuweke mpakani na msitu.

Nne: mbegu na kitalu

Ukitaka kukusanya mbegu au maotea ndani ya hifadhi, omba kibali kwanza. Kwa misitu ya serikali kuu Tanzania Bara ni Wakala wa Huduma za Misitu, kwa msitu wa kijiji ni kamati ya maliasili ya kijiji. Mara nyingi hutahitaji kuingia kabisa. Miti mama ipo mashambani na kando ya mito.

Chukua mbegu kwa mama wengi, angalau kumi, walioachana vya kutosha wasiwe ndugu wa tumbo moja. Kipande cha msitu tayari kina shida ya miti kuzaana na jamaa zake, usiiongeze kitaluni.

Mbegu nyingi za matunda ya nyama hazivumilii kukaa. Yachume yakiwa yameiva kabisa, loweka usiku mmoja, pekecha kwenye chujio chini ya maji mpaka nyama itoke yote, kisha sia siku hiyo au kesho yake. Usiianike juani kama mahindi. Prunus hasa hupoteza uhai upesi. Nyama ikibaki juu ya kokwa huleta ukungu na kuchelewesha kuota. Ndege huifanya kazi hiyo tumboni, wewe unaifanya kwa chujio.

Mkuyu kwa mbegu unataka subira. Pasua matunda yaliyoiva, yasuuze kwenye ndoo, mwaga maji ya juu pamoja na zinazoelea, kisha changanya zilizozama na mchanga laini uzitandaze juu ya trei. Usizifunike kwa udongo, zinahitaji mwanga. Zifunike kwa nailoni angavu na umwagilie kwa kunyunyiza. Miche itatoka midogo kama nukta. Ihamishie kwenye viriba ikiwa na majani manne.

Njia ya haraka ni vigingi. Kata tawi lililonyooka, unene wa kifundo cha mkono, urefu wa mita mbili hivi, mwanzoni mwa mvua. Liache kivulini siku moja utomvu ukauke, kisha lizike robo yake. Ficus natalensis na Ficus thonningii hushika vizuri sana. Waganda wamekuwa wakipanda mutuba, yaani Ficus natalensis, kwa vigingi vizazi na vizazi kwa ajili ya nguo za magome. Chukua vigingi kwa miti mama tofauti. Vigingi kumi vya mti mmoja ni mti uleule umesimama mahali kumi.

Mipesi na Macaranga usihangaike kuiotesha. Tafuta maotea yake kando ya barabara mpya au palipoporomoka, yang'oe siku ya mvua yakiwa na donge la udongo, punguza majani nusu, yaweke kivulini wiki tatu kisha uyazoeshe jua polepole.

Tano: upangaji shambani

Ndege wa matunda si wa tabia moja. Hondohondo na kwenzi huvuka bonde zima la chai bila kujali. Shore wa msituni na jamaa wa vichaka vya chini, hata wakiona mti umejaa matunda mita mia mbili mbele, wengi hawatoki kivulini. Ukipanda miti mizuri katikati ya uwazi umewalisha wale ambao hawakuwa na shida.

Anza kwa hiyo na ukingo wa msitu, songa nje. Mita ishirini za kwanza zipande kwa kubana, mita mbili na nusu hadi tatu kati ya mti na mti, ukichanganya makundi yote matatu, na uache vichaka vya asili viote katikati. Usifagie chini. Uchafu unaomkera bwana shamba ndio njia ya mkesha anayetembea ardhini akipekua majani.

Kutoka hapo nenda kwa mstari wa mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ukanda huo ukijazwa mikuyu na mizambarau mwitu unakuwa ushoroba tayari, bila kumnyang'anya mtu shamba, na kisima cha kijiji kinafaidika.

Palipo na uwazi mkubwa panda visiwa: vifungu vya mraba wa mita kumi au ishirini vyenye miti iliyobanana, vikiachana kwa umbali ambao ndege mwoga anaweza kuujaribu. Kati ya visiwa simika vituo vya kutua, nguzo za mianzi au matawi makavu ya mita tatu hadi tano. Ndege akitua hunya, na akinya hupanda. Ila nyasi zikiwa nene mbegu itaoza juu yake. Fyeka duara la mita moja na nusu chini ya kila nguzo na ulirudie kila msimu. Nguzo bila palizi ni kazi bure.

Mikuyu iweke mbali na nyumba, matangi na mabomba. Mwenye iliki chini ya miti ya msitu aiache ile miti mama ya matunda juu, apunguze matawi badala ya kukata shina. Na mti mkongwe wenye tundu usiukate hata kama hauzai kitu. Chakula bila tundu la kuatamia hakimleti hondohondo akakaa.

Sita: miaka miwili ya ulinzi

Palizi mara tatu mwaka wa kwanza, mara mbili wa pili. Barabara ya kuzuia moto kabla ya kiangazi. Mbuzi nje. Haya unayajua.

Lisilosemwa sana ni manati na ulimbo. Mti uliobivisha ndipo vijana hukaa kuwinda, na utomvu wa mkuyu uleule uliopanda ndio unaotengenezewa ulimbo. Ukipanda mahali pa kulia ndege bila kuzungumza na vijana wa kitongoji umejenga mtego mkubwa. Kinachofaa zaidi ni kuwapa wao kazi ya kuhesabu ndege, kwa posho kama ipo. Macho yao ni makali.

Na uwaambie majirani ukweli. Pasa na shore wataongezeka, na watadonoa mapapai na nyanya. Mkulima wa mbogamboga aliye jirani kabisa awekewe upande wa miti isiyowavutia, au asaidiwe wavu. Ukimficha, mwaka wa tatu atakuja na shoka.

Saba: pima kama ndege wanapanda

Tengeneza kwa miti fremu za mraba zenye upande wa mita moja, funga kipande cha chandarua kuukuu kilichobonyea katikati, inua mita moja kutoka ardhini. Weka tano chini ya vituo vya kutua na visiwa, tano kwenye uwazi. Kila baada ya wiki mbili kusanya, suuza kinyesi kwenye chujio la chai, hesabu mbegu na uzitenganishe kwa umbo. Mbegu za miti iliyo juu ya fremu zitoe kwenye hesabu. Unatafuta za miti isiyokuwepo shambani kwako. Zile usizozitambua zisie kwenye kopo uone zitaota nini.

Maotea yahesabu mara moja kwa mwaka, mwisho wa masika, katika viwanja vya mita mbili kwa mbili vilivyowekewa vigingi. Mwaka wa kwanza utakuta mipesi tu na huenda msizi au Lantana, ambazo unang'oa hapohapo zikiwa ndogo. Aina za msitu zikianza kuonekana na kupita goti, anza kupunguza mipesi inayozifunika, mmoja mmoja na si safu nzima, na uifanye kazi hiyo katika mwezi ambao jedwali lako linaonyesha matunda ni mengi kwingine.